Kuchoka si kulegea: maneno ya Kiingereza ya kukosa nguvu na namna ya kuyatofautisha

Msomaji mmoja, mfasiri, ameniandikia hivi: "Nina kazi mbili mezani kwa wakati mmoja, kijitabu cha afya ya watoto na hadithi fupi. Ndani ya kurasa chache nimekutana na tired, fatigued, exhausted, lethargic, listless, sluggish, torpid, enervated na languid. Kila nikifungua kamusi narudishiwa maneno mawili yaleyale, chovu na legevu. Kijitabu kinamtaka mzazi amwangalie kwa karibu mtoto aliye listless, lakini akiwa lethargic ampeleke hospitali mara moja. Hadithi nayo ina mwanamke aliyejilaza, yuko languid, katika joto ambalo ni enervating. Je, tofauti ipo kweli au ni Waingereza kupenda maneno mengi? Na kama ipo, niionyesheje kwa Kiswahili?"

Ndugu yangu, tofauti ipo, na umeshaigusa mwenyewe bila kujua. Kwenye hadithi, ukiikosa utaharibu sentensi. Kwenye kijitabu, ukiikosa, mzazi anaweza kumwacha mtoto alale mpaka asubuhi ilhali alipaswa kuwa njiani kwenda hospitali usiku uleule. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye kijitabu, hadithi nitaifikia mwishoni.

Kinachowapoteza wengi ni kuyapanga maneno haya kama ngazi: huyu amechoka kidogo, huyu zaidi, huyu hoi. Machache tu yanapangika hivyo. Mengi yanatofautiana kwa kile kilichopungua. Kuna neno la misuli kuishiwa, neno la hamu kutoweka, neno la fahamu kufifia, na neno la mwendo kupungua. Halafu liko kundi la maneno ambayo hayasemi lolote juu ya mwili wa mtu, yanasema tu kwamba msemaji anamlaumu. Mimi kabla ya kutafsiri lolote kati ya haya hujiuliza maswali mawili: ni kitu gani kimepungua, na je, mwenyewe analaumiwa? Nikishapata majibu, neno la Kiswahili huja lenyewe, na mara nyingi huja kama kitenzi au kifungu kizima, si kivumishi kimoja.

Tuanze na lethargic. Asili yake ni Kigiriki, neno lethargia, lililoundwa na lethe, yaani kusahau, na argos, yaani asiye na kazi. Lethe ndio mto wa kuzimu katika hekaya za Wagiriki: roho za wafu zikinywa maji yake husahau maisha yote ya duniani. Na argos ni kinyume cha ergon, kazi, neno lile lile lililojificha ndani ya energy. Mwaka 1894 wanasayansi Rayleigh na Ramsay walipogundua gesi isiyotaka kuungana na kitu chochote, waliiita argoni kwa sababu hiyohiyo. Nakueleza haya kwa sababu yanaonyesha kiini cha neno. Mtu aliye lethargic amezama. Kuna pazia la usingizi kati yake na ulimwengu. Mwaka 1917 daktari Constantin von Economo wa Vienna alipoeleza ugonjwa wa ubongo uliowalaza watu usingizi usiokwisha, ugonjwa ulioenea duniani katika miaka iliyofuata, jina alilotumia lilikuwa encephalitis lethargica. Hakuwa anazungumzia uchovu.

Katika mazungumzo ya kila siku Mwingereza hulitumia neno hili kwa wepesi zaidi, kwa mfano kueleza anavyojisikia baada ya kula sana au siku ya joto kali. Hapo unaweza kusema mwili umekuwa mzito, au nasinziasinzia tu. Lakini kijitabu chako ni cha kitabibu, na huko neno limebaki na uzito wake wote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kuwahudumia watoto wagonjwa, wenye umri wa miezi 2 hadi miaka 5, unataja dalili za hatari za jumla: mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila anachopewa, kupata degedege, na kuwa lethargic au kupoteza fahamu. Tazama neno hilo limekaa jirani na nani. Maana inayokusudiwa ni mtoto ambaye hayuko macho wakati alipaswa kuwa macho. Anasinzia, hashtuki, hafuatilii kinachoendelea, au macho yako wazi lakini yanatazama utupu.

Niliwahi kupewa rasimu ya kuhariri, kazi ya aina hiihii, ambayo mahali hapo iliandikwa "mtoto akiwa mvivu". Nilisimamisha kazi yote nikampigia simu mfasiri. Mzazi gani atamkimbiza mtoto hospitali kwa uvivu? "Akiwa amechoka" ni afadhali kidogo tu, maana mtoto aliyecheza mchana kutwa naye amechoka. "Amelegea" ni neno ambalo wazazi wenyewe hulitumia, na ninalipenda, ila peke yake halitoshi. Mtoto mwenye homa anaweza kulegea na bado akakufuata kwa macho, akadai maji, akalia ukimweka chini. Ningeandika hivi: "Mtoto amelegea na anasinzia muda wote, hata akiamshwa hachangamki, au anatazama tu bila kufuatilia kinachoendelea." Ni maneno mengi kwa ajili ya neno moja la Kiingereza. Usijali urefu. Kijitabu cha afya kinasomwa na mtu mwenye hofu, na mtu mwenye hofu anahitaji kitu anachoweza kukilinganisha na mtoto aliye mbele yake.

Sasa listless. Wanafunzi wangu wengi hudhani linatokana na list ya orodha, wakalifasiri kama mtu asiye na mpangilio. Hapana. List hii ni ya kale, maana yake hamu au matamanio, na ni ndugu wa lust. Listless, basi, ni asiye na hamu. Fahamu ipo, macho yako wazi, pengine hata nguvu zipo kiasi, ila hakuna kinachomvuta. Anashika kitu anakiweka. Anaitwa anakuja, anaambiwa akae anakaa. Kiswahili kina neno zuri sana kwa hali hii, na linanisikitisha kwamba wafasiri wengi hawalitumii: kunyong'onyea. Mtu hunyong'onyea kwa maradhi, kwa njaa, kwa huzuni, na ukilisikia neno unamwona mabega yameshuka. Mtoto aliye listless amenyong'onyea: hachangamki, hataki kucheza, toy aliyokuwa akiigombania jana leo haitazami. Ndiyo maana kijitabu chako kinasema aangaliwe kwa karibu. Hajafika kwa yule wa lethargic, lakini anaweza kuwa njiani.

Ukitaka kuhakikisha unaelewa tofauti ya haya mawili, jaribu kumpa mtu huyo kitu anachokipenda kupita vyote. Aliye lethargic hatakiona. Aliye listless atakiona, na atageuza uso.

Karibu na listless yupo apathetic, na hapa kihusishi ndicho kinachokusaidia. Kwa Kiingereza mtu huwa apathetic kuhusu jambo fulani, uchaguzi kwa mfano, huku maisha yake mengine yakiendelea vizuri kabisa. Haiwezekani kuwa listless kuhusu uchaguzi. Listless ni hali ya mtu mzima, mwili na roho, apathetic ni msimamo wake juu ya kitu. La kwanza ni kunyong'onyea, la pili ni kutojali. Wanafalsafa wa Kistoa wa zamani waliiona apatheia, kutotawaliwa na hisia, kuwa fadhila ya kutafutwa. Kiingereza cha leo kimeigeuza kuwa kasoro.

Tired na fatigued nayo unayo kwenye kijitabu, na hapa kuna jambo ambalo madaktari wanaotumia Kiswahili hulalamikia mara kwa mara. Mgonjwa anasema "sina nguvu" na sentensi hiyo inaweza kubeba mambo manne tofauti. Je, mkono unashindwa kuinua kikombe? Hiyo Kiingereza huita weakness, na daktari ataanza kufikiria misuli na neva. Je, kikombe anakiinua, ila akifanya kazi ndogo tu anaishiwa na akipumzika hapati nafuu? Hiyo ndiyo fatigue, na daktari atawaza upungufu wa damu, tezi ya thairoidi inayofanya kazi chini ya kiwango, maambukizi, sonona. Je, anasinzia kila akikaa? Ni sleepiness au drowsiness, na maswali yatahama kwenda kwenye ubora wa usingizi wake na dawa anazotumia. Je, akipanda ngazi pumzi inakatika? Hapo tatizo linaweza kuwa moyo au mapafu. Mtu mmoja, sentensi moja, njia nne za uchunguzi. Ukikutana na fatigue katika maandishi ya kitabibu, ninakusihi usiandike "uchovu" ukaishia hapo angalau mara ya kwanza inapotajwa. Andika "uchovu usioisha hata baada ya kupumzika". Tired ni uchovu ambao usingizi wa usiku mmoja unautibu, fatigue ndio ule ambao usingizi umeshindwa.

Wahandisi wameliazima neno hilohilo kwa vyuma. Chuma kinachokunjwa au kubanwa kidogo mara elfu nyingi hupata ufa bila kuwahi kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria za aina ya Comet zilisambaratika angani, na uchunguzi ukaonyesha kwamba mwili wa ndege ulikuwa umechoka kwa namna hiyo, kutokana na shinikizo la hewa kupanda na kushuka kila safari. Mfano huu unaieleza fatigue vizuri kuliko kamusi: ni uchovu uliolimbikizwa.

Tired yenyewe ina mtego mmoja mdogo. Kiingereza hutofautisha tired from na tired of, na wafasiri wengi huandika "nimechoka na kazi" kwa zote mbili, wakamwacha msomaji akikisia. Kiswahili kina njia safi kuliko Kiingereza. Ukisema "nimechoka" umesema mwili. Ukiingiza kiambishi cha mtendwa, "nimeichoka kazi hii", "nimekuchoka", umesema moyo. Silabi moja inafanya kazi ya kihusishi kizima, na mzungumzaji yeyote wa Kiswahili anayesikia "nimekuchoka" hahitaji maelezo.

Exhausted ni miongoni mwa yale machache yanayokaa kwenye ngazi, nalo limekaa juu kabisa. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kuteka maji, na kile kiambishi cha mwanzo kinaongeza maana ya mpaka yaishe. Kisima kimekauka. Ndiyo sababu Mwingereza makini hasemi very exhausted, atasema completely au absolutely, kwa kuwa kisima kilichokauka hakiwezi kukauka sana. Hoi ndilo neno letu, na akizidi ni hoi bin taabani. Ukikutana na knackered ujue ni lilelile likiwa na nguo za mtaani. Lilitokana na mtu aliyekuwa akinunua farasi waliochakaa kwa ajili ya kuwachinja, na haliingii kwenye kijitabu cha afya hata siku moja. Weary nalo ni la pembeni kidogo: lina muda mrefu ndani yake, na lina moyo. Mtu huwa tired jioni, weary huwa baada ya miaka. Kuchoka mwili na roho, hivyo ndivyo mimi huandika.

Nisimame kidogo kwenye enervated, kwa sababu ndilo neno lililowaangusha hata watu wanaokijua Kiingereza tangu utotoni. Linafanana na energy kwa sauti, basi watu hudhani maana yake ni kutiwa nguvu. Nimeona tafsiri iliyosema joto "lilitia watu nguvu" pale mwandishi aliposema liliwamaliza. Energy ni ya Kigiriki, hii ni ya Kilatini, na haihusiani nayo hata kidogo. Enervare ilikuwa kuondoa nervus, ambayo zamani ilimaanisha kano, zile kamba ngumu zinazoshikanisha misuli na mifupa. Picha yake ni ya kutisha: mtu aliyekatwa kano. Viungo vipo, vimebaki vinaning'inia.

Angalia pia sarufi yake. Mtu hawi enervated hivihivi, lazima kuwe na kilichomfanya hivyo: joto, ugonjwa mrefu, au hata maisha ya starehe iliyopitiliza. Kiswahili kimejaaliwa kauli ya kutendesha, kwa hiyo itumie. Joto lilitunyong'onyeza. Homa ilimlegeza. Starehe iliwalegeza askari mpaka wakasahau vita. Ukitumia kivumishi tu, "alikuwa legevu", umemfuta mtendaji, na mtendaji ndiye nusu ya neno.

Sluggish na torpid nitayapitia haraka kwa kuwa hayana utata mkubwa. Sluggish ni neno la mwendo, na ndiyo maana linakubali vitu visivyo na roho: mto, injini, kompyuta, soko, tumbo. Kiswahili kina utajiri hapa. Uchumi unasuasua au umedorora, biashara imepooza, mto unajikokota, mtu anajivuta. Chagua kulingana na kitu kinachosemwa. Uchumi haujivuti, na mtu hadorori. Mzizi wake slug ulimtaja mtu mvivu kwanza, kabla ya kupewa yule konokono asiye na gamba.

Torpid linatokana na kitenzi cha Kilatini cha kufa ganzi, na kwa kweli "kufa ganzi" ndiyo tafsiri yake bora linapohusu akili au dhamiri ya mtu. Warumi walimwita torpedo yule samaki ambaye umeme wake humfanya mtu afe ganzi mkono, jina ambalo baadaye lilihamia kwenye bomu la majini. Katika elimu ya wanyama torpor ni hali mahususi: joto la mwili linashuka, moyo unapiga polepole mno, matumizi ya nishati yanapunguzwa hadi kiwango cha chini kabisa. Popo wa nchi za baridi hufanya hivyo wakati wa kipupwe. Kamongo naye hujizika topeni maji yakikauka, akangoja. Hapo hakuna udhaifu wala uvivu wowote, ni mbinu ya kuishi. Mfasiri akiandika "popo mvivu" amemdhulumu popo.

Na dhuluma ndiyo inayonipeleka kwenye kundi ambalo hukuliuliza, lakini utalikuta tu: lazy, idle, indolent, slothful, lackadaisical. Yote yanafanana na yale ya juu kwa mtu anayetazama kwa mbali. Tofauti yao ni lawama. Ukimwita mtu lethargic unamwonea huruma, ukimwita lazy umemhukumu. Idle ndiyo yenye lawama ndogo, kwa sababu asili yake ni tupu: mashine iliyosimama ni idle, na kadhalika mfanyakazi ambaye malighafi zimemwishia. Kukaa bwete kunaikaribia. Lackadaisical, ambalo limetokana na kilio cha zamani cha kusikitika, alack the day, ni ya mtu anayefanya kazi lakini kwa mtindo wa bora liende. Hakuna tafsiri bora kuliko hiyo, bora liende, na usiichanganye na shingo upande. Anayefanya shingo upande hataki, huyu mwingine hajali.

Indolent lina hatari yake kitabibu, kwa hiyo lishike vizuri. Kwa watu, ni mvivu anayekimbia usumbufu wowote. Lakini asili yake ni "isiyouma", na madaktari wamebaki na maana hiyo: uvimbe au saratani ikiitwa indolent maana yake inakua polepole, mara nyingi bila maumivu. "Saratani vivu" itamchanganya mgonjwa na pengine kumpa faraja isiyo sahihi. Andika "saratani inayokua polepole".

Slothful inanigusa zaidi ya yote haya. Sloth ni dhambi mojawapo ya zile saba katika mafundisho ya kale ya Kikristo, na Kiswahili huiita uvivu. Lakini nyuma yake kulikuwa na neno la Kigiriki akedia, kutojali, ambalo katika karne ya 4 Evagrius wa Ponto aliliandika akiwaeleza watawa wa jangwa la Misri. Mtawa anaona jua limesimama, siku haiishi. Anachungulia nje kuona kama kuna anayekuja. Anachukia chumba chake, kazi yake, maisha yake. Nikisoma maelezo hayo naona mtu aliye listless, na pengine mtu ambaye leo daktari angemuuliza maswali ya sonona. Neno lilisafiri kutoka moyo uliokauka likaishia kuwa mtu asiyetaka kuamka kitandani. Huruma ilipotelea njiani. Mnyama wa Amerika ya Kati na Kusini anayening'inia mitini naye akabebeshwa jina hilohilo, sloth, ilhali mwendo wake wa polepole unatokana na majani anayokula, ambayo yanampa nishati kidogo sana.

Kiswahili hakijasalimika na safari ya namna hiyo. Ajizi, tunayoilaumu kwa kusema ajizi ni nyumba ya njaa, imetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kutoweza. Aliyeshindwa akageuzwa kuwa asiyetaka. Kwa hiyo ninapoona mfasiri ameandika mvivu mahali pa mgonjwa, najua si uzembe wake peke yake. Lugha zenyewe huteleza upande huo, na ni kazi yetu kuzishika mkono.

Turudi kwenye hadithi yako. Languid ndilo neno pekee kati ya yote uliyonitajia ambalo linaweza kuwa sifa nzuri. Asili yake ya Kilatini ni kufifia au kudhoofika, na katika maandishi ya zamani utakuta mgonjwa aliye languid. Lakini waandishi wa hadithi na mashairi walilitwaa likawa la mtu anayejongea taratibu kwa kuwa hana sababu ya kuharakisha. Kuna uzuri ndani yake, na mara nyingi kuna mapenzi. Hapa Kiswahili hakihitaji kuazima chochote. Macho languid ni macho yaliyolegea, yale yanayorembua. Mwendo languid ni mwendo wa madaha, ingawa madaha yana kujionyesha kidogo ambako Kiingereza hakina lazima, kwa hiyo angalia kama mhusika anajua anatazamwa. Upepo unaweza kuvuma kivivu, na huo ni miongoni mwa uvivu mchache ambao lugha yetu inausema kwa upendo. Ila chunga kitenzi chake, languish. Hicho hakina uzuri wowote: mfungwa anayeendelea ku-languish gerezani anasota, basi.

Mwanamke wako, kwa hiyo, hajachoka. Ukiandika "alijilaza kwa uchovu" msomaji atatafuta kazi aliyokuwa akiifanya na hataipata. Mwandishi ameweka maneno mawili makusudi, la utulivu kwake na la ukatili kwa joto, ili tuone mwili unaojiachia na hewa inayounyonya. Mimi ningeandika: "Alijilaza, viungo vimelegea kwa raha, katika joto lililokuwa likiwanyong'onyeza wengine wote." Hayo "wengine wote" ni yangu, nimeyaongeza ili kulegea kwake kusionekane kumesababishwa na joto. Kama hadithi inaonyesha kwamba joto limemshinda na yeye, yaondoe, na uweke "joto lililomnyonya nguvu". Rudi kwenye ukurasa unaotangulia uone amefikaje hapo alipojilaza, ndipo uamue.